Farasi Unamwamini, Lakini Kuruka Bado Kunakutisha

Farasi huyu unamjua vizuri. Umempanda barabarani katikati ya pikipiki na mbwa wa watu, akapita bila kushtuka. Umewaona watoto wadogo wakiruka naye viunzi na kurudi wakicheka. Lakini wewe ukimwelekeza kwenye fito mbili zilizopishana, zisizofika hata gotini, mate yanakauka na mikono inakaza kwenye hatamu.

Watu wema watakuambia umwamini farasi wako. Unamwamini tayari, ndiyo maana ushauri huo haukusaidii. Kwa wanafunzi wengi niliowafundisha, hofu ya namna hii haimhusu farasi. Inatokana na jambo moja mahususi ambalo mpandaji analiogopa: kuachwa nyuma farasi anapojirusha, kutojua kitakachotokea baada ya kutua, kumbukumbu ya siku aliyoanguka, au aibu ya kutazamwa. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta ujasiri. Anza kwa kujiuliza hofu inakuja wakati gani: usiku wa kuamkia somo, unapofunga tandiko, kwenye kona ya kuelekea kiunzi, au katika hatua tatu za mwisho. Jibu lako ndilo litakalokuonyesha usome wapi hapa chini.

## Kwanza hakikisha hofu haisemi kweli

Wakati mwingine mwili wa mpandaji unahisi tatizo kabla akili haijalitambua. Farasi mtulivu akianza kulaza masikio unapofunga mkanda wa tumbo, akipiga mkia kila anapovuka ufito, akitua kwa mguu uleule siku zote, au akikataa kiunzi alichokiruka vizuri wiki iliyopita, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumwita mwalimu. Maumivu ya mgongo, ya viungo vya miguu ya nyuma, ya meno, vidonda vya tumbo, hata tandiko linalombana mabegani, yote hujionyesha kwenye viunzi mapema kuliko kwenye mwendo wa kawaida.

Muulize saisi. Yeye ndiye anayemwona farasi alfajiri akitoka bandani, anajua kama alimaliza chakula na kama anaburuza kwato. Nimeona mara nyingi saisi anajua jibu wiki nzima, ila hakuna aliyemuuliza.

Kwa walio Nairobi na vitongoji vyake, kuna mambo mawili zaidi. Farasi wengi wa kupanda hapa walianzia kwenye mbio za Ngong kabla ya kufundishwa kazi nyingine. Mwili wa farasi aliyeacha mbio hubadilika, na tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana linaweza kumfinya mwaka huu. Pili, chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na visubi, ni chanjo hai, na farasi aliyechanjwa hivi karibuni hupunguziwa kazi. Usipime ujasiri wako juu ya farasi aliyechoka.

Angalia na ardhi. Udongo mweusi wakati wa masika huteleza na kunata kwenye kwato, na kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Ukiogopa kuruka juu ya ardhi hiyo uko sahihi, na hakuna zoezi la kupumua litakalobadilisha ukweli huo. Subiri ikauke, au ikiwa ngumu mno, nenda penye mchanga.

Vifaa ni jambo fupi. Kofia ngumu inayokukaa sawasawa, na ambayo haijawahi kupigwa chini kichwa kikiwa ndani yake. Kizibao cha kinga kama unacho. Vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, viwe vipana vya kutosha mguu kutoka wenyewe. Ondoa kwenye nguzo vishikizo vyote visivyobeba ufito. Na usiruke peke yako uwanjani, hata ukiwa umezoea.

## Dalili: unaganda katika hatua za mwisho

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi. Kona imekwenda vizuri, kanta (mbio nyepesi ya farasi) ni nzuri, kisha ghafla pumzi inakatika. Mabega yanapanda, magoti yanabana tandiko, visigino vinainuka, macho yanashuka kwenye ufito. Mpandaji anasema baadaye kwamba hakumbuki kilichotokea katikati.

Mwili unajikunja kulinda tumbo, kama ambavyo ungefanya mtu akikurushia jiwe. Ni jambo la asili. Ubaya wake ni kwamba umbo hilo la kujikunja ndilo linalomfanya mpandaji aanguke kwa urahisi: magoti yakibana, mguu wa chini huteleza nyuma, na sehemu ya juu ya mwili hubaki bila nguzo.

Na farasi analipokea. Mwaka 2009 watafiti nchini Sweden walichapisha jaribio ambalo kila mpandaji anapaswa kulijua. Watu walipita na farasi njia ileile mara kadhaa, wengine wakiwaongoza kwa kamba na wengine wakiwapanda. Mara ya mwisho waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa wakipita. Mwavuli haukufunguliwa kabisa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi wao yakapanda vilevile. Farasi hawakuwa na habari ya mwavuli wowote. Walikuwa na habari ya mtu waliye naye tu.

Kwa hiyo farasi wako mwaminifu, katika hatua zile tatu, anapata ujumbe kwamba mbele kuna hatari, lakini haoni chochote isipokuwa ufito anaoufahamu. Wengine hupunguza mwendo, wengine hukimbia. Wengine hujitolea kuruka juu kupita kiasi, jambo ambalo linakutisha zaidi.

Dawa ya kwanza ni sauti. Huwezi kuhesabu kwa sauti huku umebana pumzi. Ukiwa kwenye kanta hesabu "moja, mbili, moja, mbili" kwa mdundo wa mwendo wake, kuanzia kabla ya kona mpaka baada ya kutua. Anayeona haya kuhesabu aimbe. Wimbo wowote unaoujua bila kufikiri unafaa, ili mradi sauti itoke na isikatike juu ya kiunzi. Ikikatika, umepata mahali hasa hofu ilipo.

Dawa ya pili ni macho. Chagua mti au paa la nyumba ng'ambo ya uwanja, ulio sawa na katikati ya kiunzi, ukauangalie tangu unapomaliza kona. Au msaidizi asimame mbali upande wa kutua, ainue vidole, nawe utaje idadi yake ukiwa hewani. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini sijaona linaloshinda hili kwa kuinua kidevu cha mtu mzima.

Haya yote yafanye kwanza juu ya fito zilizolazwa chini. Kwa troti, mwendo ulio kati ya kutembea na kanta, ziwe nne, zikiachana takriban mita 1.3 kwa farasi wa kimo cha kawaida. Mtu asikuambie kwamba fito za chini ni za wanaoanza. Ukiganda juu ya fito za chini, sababu si urefu, na kupandisha kiunzi hakutakufundisha kitu.

## Dalili: unaachwa nyuma, unavuta mdomo, unaogopa kurudia

Hapa hofu ina sababu yenye akili. Farasi anajirusha kabla hujawa tayari, mwili wako unabaki nyuma, mikono inashika hatamu ili usidondoke, na lijamu linampiga mdomoni. Anatua ameudhika, nawe unatua umeaibika. Mkifanya hivyo mara tano, wote wawili mna sababu ya kutotaka mara ya sita.

Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wapandaji wa majeshi ya Ulaya waliinama nyuma juu ya kiunzi kwa makusudi, wakiamini wanamlinda farasi miguu ya mbele. Ofisa Mwitalia Federico Caprilli aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona wanavyonyoosha shingo na kutumia mgongo, akaamua kwamba mpandaji ndiye anayepaswa kumfuata farasi. Alifupisha vikuku, akainua makalio kutoka kwenye tandiko, akaacha mikono iende na mdomo. Mwaka 1902 huko Turin aliruka mita 2.08 kwa mtindo huo. Tunaporuka leo tunakaa alivyokaa yeye, na aliyefika hapo alifika kwa kutazama kile anachokihitaji farasi.

Fupisha vikuku matundu mawili kuliko unavyotumia kwa kazi ya kawaida. Kisha zoea kiti chepesi, yaani uzito uwe visiginoni, makalio yawe juu kidogo ya tandiko, mgongo ulionyooka ukiinama kutoka nyongani. Kaa hivyo ukitembea, halafu kwenye troti, halafu kwenye kanta, mpaka uweze kuzunguka uwanja mzima bila kushikilia hatamu ili kujisaidia. Wengi hugundua hapa kwamba walichokiita hofu ni mapaja yaliyochoka. Hiyo ni habari njema, kwa sababu mapaja yanajengeka.

Mvalishe farasi ukanda wa shingoni. Mkanda wowote wa ngozi uliolegea kidogo unatosha. Hatua mbili kabla ya kiunzi uingize vidole chini yake, au shika manyoya ya shingo katikati ya shingo. Ukiachwa nyuma, utavuta ukanda, na mdomo wa farasi utasalimika. Wapandaji wazuri kabisa hushika manyoya, na mwanafunzi wangu anayefanya hivyo bila kuambiwa ninamheshimu.

Baada ya hapo mwondolee farasi na wewe kazi ya kukisia. Weka msalaba mdogo wa fito mbili zilizopishana, katikati yake sentimita 30, na ufito mmoja chini mita 2.5 kabla yake. Njoo kwa troti. Ufito huo unamfikisha farasi mahali palepale pa kujirushia kila mara, nawe unaanza kujua ni lini atainuka. Ukizoea, ongeza kiunzi cha pili mita 5.5 baada ya cha kwanza: atatua, atapiga hatua moja ya kanta, ataruka tena. Kinachomtisha mpandaji wa aina hii ni ile "lini", na mpangilio huu unaiondoa.

Mpangilio huu upimwe kwa futi kamba, usikisiwe. Hatua moja ya kanta ya farasi mkubwa ni kama mita 3.6, sawa na hatua nne ndefu za mtu mzima. Kwa farasi mdogo punguza, na mtu anayejua amwangalie.

## Dalili: farasi anagoma kwako tu

Kwa mwalimu anaruka, kwa mtoto anaruka, kwako anasimama. Inauma, na mtu huanza kuamini kwamba farasi hampendi. Ukweli ni kwamba umemwambia asimame, na yeye ni mtiifu.

Tazama video ya jaribio lako, au mwombe mtu akuangalie ubavuni. Mara nyingi utaona moja kati ya haya: mguu uliacha kumgusa ubavuni hatua mbili kabla, hatamu zilifupishwa ghafla, au mwili uliinama shingoni kabla hajajirusha. La tatu ndilo la hatari kuliko yote, maana akisimama wewe tayari uko mbele.

Kuna jambo la macho yake pia. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na mbele ya paji lake kuna sehemu asiyoiona. Akikaribia sana, anaruka kwa kutegemea alichokiona hatua kadhaa nyuma. Anahitaji uhuru wa kuinua na kushusha kichwa ili apime. Mpandaji anayebana hatamu katika hatua za mwisho anamfumba farasi macho wakati anapoyahitaji. Rangi nazo zina maana: farasi hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Huko Uingereza, utafiti wa namna farasi wanavyoona ndio uliofanya rangi ya machungwa kwenye viunzi vya mbio ianze kubadilishwa kuwa nyeupe. Kwenye nyasi, ufito mweupe anauona vizuri zaidi kuliko ule mwekundu uliopauka, na ufito mwingine ukilazwa chini mbele kidogo ya kiunzi unamsaidia kupima.

Marekebisho ni haya. Njoo ukiwa umenyooka, kona ikiwa pana. Hatua sita za mwisho usibadilishe chochote: mguu ule ule, mgusano ule ule wa mdomo. Mabega yabaki nyuma ya magoti mpaka yeye aamue kuinuka. Akisimama, usimpige. Kiunzi kishushwe mpaka chini, apite akitembea, umsifu, kisha kipandishwe polepole. Farasi mtiifu anayepigwa kwa kutii huanza kutilia shaka kila unachomwambia.

## Dalili: anakimbilia kiunzi nawe unahisi huna breki

Kwanza jua kama anakimbia kwa kupenda au kwa kukimbia maumivu. Rudi sehemu ya mwanzo. Akiwa mzima, mara nyingi ni mchezo wa kuvutana. Unaogopa mwendo, unavuta. Anaegemea mkono wako. Unavuta zaidi.

Usimgeuzie kwenye kiunzi mpaka mwendo umetulia. Zunguka duara mbele yake, hata mara nne, na umwelekeze tu pale anapopumua na kulegeza shingo. Farasi akishajua kwamba kuona kiunzi si lazima kukiruka, moto unapungua. Weka fito tatu za troti baada ya kutua, ili apate sababu ya kutazama chini na kupunguza mwenyewe. Na baada ya kila kiunzi, simama kwa utulivu kwenye mstari ulionyooka, kwa sauti na kwa mwili kwanza, mkono mwisho. Wapandaji wengi wa aina hii wanaogopa zaidi kile kitakachofuata baada ya kutua kuliko kuruka kwenyewe. Ukijua kwa hakika kwamba utasimama, utaruka.

## Dalili: kuna urefu ambao huwezi kuupita

Sentimita 60 unaruka ukizungumza, 70 unatokwa jasho. Farasi ni yuleyule. Huaso, farasi aliyepandwa na Alberto Larraguibel huko Viña del Mar nchini Chile tarehe 5 Februari 1949, alivuka mita 2.47, na rekodi hiyo haijavunjwa. Kwa farasi mwenye afya, sentimita 70 ni hatua ya kanta iliyoinuliwa kidogo.

Namba ndiyo inayokutisha, basi iondoe. Mwombe mwalimu akupangie bila kukuambia urefu, kwa makubaliano kwamba hatazidi mahali fulani. Makubaliano hayo lazima ayaheshimu. Mwalimu anayepandisha kwa siri ili akuthibitishie kitu anaharibu imani yako kwake, na bila imani hiyo huna wa kukuongoza. Au achana na urefu kabisa kwa mwezi mmoja. Ongeza upana kidogo, badili pembe, ruka vitano vidogo kwa mfululizo ukitafuta mdundo. Ukirudi kwenye 70 mwili utakuwa na kazi nyingine ya kufikiria.

## Dalili: hofu ilikuja baada ya kuanguka, au baada ya kupata mtoto

Kuna desturi ya kusema "panda tena sasa hivi, usiache hofu ikae." Kama kichwa kiligonga, usipande siku hiyo, hata ukijihisi mzima. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali. Kofia nayo ibadilishwe hata kama haina ufa.

Ukisharuhusiwa, rudi mahali ambapo hofu haipo, hata kama ni kumwongoza farasi kwa kamba kupita kati ya nguzo, ukaondoke kabla haijaja. Lakini kama unaliona tukio usingizini, au moyo unakwenda mbio ukipita tu karibu na uwanja, wiki baada ya wiki, nenda kwa mshauri wa kisaikolojia. Mwalimu wa farasi hana ujuzi huo, na si vizuri akijifanya anao.

Kwa mama au baba aliyekuwa haogopi akiwa kijana: umebeba jukumu jipya, na akili yako inalihesabu. Usilipuuze. Amua mapema utaruka urefu gani na na nani uwanjani, uwaambie wenzako, usibadilishe siku hiyo kwa kushawishiwa. Ukiwa na mpaka ulioupanga mwenyewe, usiku wa kuamkia somo utalala.

## Mpaka wa farasi mwenyewe

Farasi tunaowaamini zaidi kwa kawaida ni wazee. Wewe unahitaji kurudia mara nyingi. Miguu yake haihitaji. Fanya marudio mengi juu ya fito za chini na ya kiti chepesi, na viunzi vyenyewe viwe vichache, siku zisizofuatana, kwenye ardhi laini. Mkimaliza vizuri mara mbili mfululizo, shuka, hata kama saa ya somo haijaisha.

Asubuhi inayofuata, wewe na saisi mpapase miguu yake ya mbele kutoka gotini hadi kifundoni, mkilinganisha wa kulia na wa kushoto. Mkisikia joto au uvimbe mguu mmoja, wiki hiyo hakuna kuruka, na daktari aitwe.